Nyayo za Baba Jenifa

Kila Jumatatu kikundi cha akina mama wa Bugarama hupokea matairi chakavu kutoka mgodini, na Martina, mama Jenifa, ndiye mkata soli. Huchovya kisu kwenye maji ya sabuni ili mpira usikishike, akakata soli, kisha mikanda. Katambuga za hapo, viatu hivyo vya tairi, mtu huvaa miaka mitatu. Vipande vikubwa hugeuzwa vyombo vya kunyweshea mbuzi. Mradi ni mzuri, hakuna anayebisha. Watoto waliokuwa wakichomwa na miiba njiani kwenda shule sasa wana viatu.

Tairi moja la mwezi wa Juni lilitoka kwenye lori lililomwaga kifusi siku ile ya Machi, Donatus, mume wa Martina, alipoingia mgodini kuokota magwangala, yale mawe ya mabaki yenye dhahabu kidogo. Kifusi kilimfunika, wenzake wakiona. Mgodi ulisema siku hiyo hakuna mtu aliyeingia, hivyo hakuna wa kufukuliwa. Martina alitaka kitu kimoja tu: apewe mwili, akauzike nyumbani.

Katambuga za tairi hilo ziliacha nyayo za Donatus. Yeyote aliyezivaa, vumbini palibaki alama za mwanamume aliye peku, mguu wa kushoto ukiwa hauna kidole cha mwisho, kilichoondoka na jembe mwaka aliomuoa Martina. Jenifa, wa darasa la pili, alikwenda shule akiacha nyayo za baba yake. Salome, muuza dagaa, alirudisha jozi yake, lakini ni kwa sababu mkanda ulimkwaruza kisigino.

Enock, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alizikagua nyayo hizo amechuchumaa. Kazi yake ni kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, na kanuni anaijua kila mfugaji: nyayo zikiingia kwenye boma la mtu bila kutoka, mwenye boma ndiye wa kujibu. Akamshauri Martina avae jozi moja, aingie nayo mgodini Jumanne, siku ya wageni, kisha atoke peku.

Martina akafanya hivyo. Katambuga aliziacha chini ya benchi la mapokezi. Enock akaomba aitwe Herman, afisa mahusiano wa mgodi, akamwonyesha ardhi ya getini.

"Zimeingia, hazikutoka," alisema. "Sasa mtupe mtu wetu."

Herman alikuwa mpole. Alimwamkia Enock shikamoo, akainama, akahesabu vidole, akalinganisha na maelezo ya mama Jenifa kwenye faili. Akakubali kwamba ni nyayo za Donatus, bila ubishi.

"Ila hizi ni mbichi, mama," akasema. "Ni za asubuhi hii. Kwa hiyo mumeo yu hai, na ameingia bila kibali."

Faili likafungwa. Martina akaletewa karatasi ya kuahidi kwamba atamzuia mumewe asirudie. Kanuni ya Enock ilitungwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe akishachinjwa hatembei tena. Martina alijua kwamba ameonewa, tena mchana kweupe, lakini uchungu wenyewe ulikuwa umekufa ganzi tangu Machi. Akatia sahihi.

Mlinzi aliyemfungulia geti alimuuliza jozi aliyoagiza, ya namba tisa, itakuwa tayari lini. Martina akasema Ijumaa.