Kistari Begani mwa A

Tangu mwaka 1937, chuo kikuu cha Warsaw, Poland, kilipoamuru wanafunzi Wayahudi wakae peke yao benchi za kushoto, Gitla Rozenfarb alisikiliza masomo kasimama, mgongo ukutani. Kukaa kule ni kukubali kutengwa, na yeye hakukubali. Rafiki yake Halina, Mkatoliki, alisimama naye.

Leo, kwenye somo la hisabati, Halina aliingia na bendeji kwenye nyusi, akainamisha macho, akakaa kulia. Gitla alijua waliompiga ni wale vijana wa nyuma, wenye fimbo zilizochomekwa nyembe. Hakumlaumu, lakini iliuma.

"Binti Rozenfarb, njoo ubaoni," akaita Profesa Wierzbicki. Alikuwa mtu mwema, wema ule wa kunyamaza, usiomfaa mtu.

Gitla aliandika seti A, ndani yake moja, nusu, theluthi, robo, na kuendelea bila mwisho, zikisogelea sifuri, na sifuri yenyewe.

"Robo ukiizungushia duara dogo, inabaki peke yake," alisema. "Sifuri, hata duara liwe dogo vipi, majirani wamo tu." Akatia kistari kidogo begani mwa A. "Kistari hiki kinabakiza wenye majirani wa namna hiyo. Waliojitenga wote wanatoka."

"Basi kitie na humu darasani, waliojitenga watoke leo leo!" sauti ikapaa nyuma. "Nauli ya Palestina tutakuchangia, dada!"

Darasa likaangua kicheko. Profesa akafuta miwani yake.

Gitla akagonga ubao kwa chaki. "Sijamaliza. Nani amebaki?"

"Sifuri," akajibu mmoja.

"Na majirani zake wako wapi? Wote tumewatoa."

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini mle ndani kila mtu aliona kichwa chake kiko salama. Gitla akaongeza kistari cha pili, kikamtoa na sifuri aliyebaki peke yake, na mbele ya vistari akachora duara lililokatwa mstari: seti tupu. Akaweka chaki, akarudi ukutani kwake.

Profesa akauendea ubao. Kisha akachukua kitambaa, akafuta lile duara na kile kistari cha pili.

"Kwa leo," alisema bila kugeuka, "kimoja kinatosha."

Hapo Halina akainuka, akakusanya vitabu vyake, akaanza kutembea kuelekea ukutani. Nyuma yake, wale wenye fimbo nao wakainuka.