Kipanya cha Malampaka

Kosta alikuwa amelala chali ndani ya gari la watu, mikono kifuani. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga chini kwenye vumbi, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Siti za nyuma zilikuwa zimekunjwa.

"Funga mlango," aliniambia.

Nikauvuta. Ule mlango wa pembeni ukateleza kwa mlio mkavu wa chuma, ukajibana. Kupitia kioo nilimwona akinyoosha miguu mpaka vidole vikagusa mlango wa nyuma. Akarekebisha kichwa, akatulia, akafumba macho.

Mzee Limbu, mwenye gari, alicheka. "Bwana Kosta ananunua gari au kitanda?"

Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Fundi Salu alikuwa uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo ikionekana, akigonga kitu kwa spana. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya stesheni ya Malampaka, na reli zilimeta mpaka macho yakauma. Nilimtazama mume wangu mle nyuma ya kioo nikaona ametulia mno. Nikaufungua mlango kabla hajaniambia.

"Ninaenea," alisema, akaketi kuvaa viatu.

Mwaka huo ulikuwa wa 1996, na pamba ilikuwa imeachiwa huru. Chama cha ushirika, ambacho tangu utoto wetu ndicho kilichonunua peke yake, kilikuwa kimebakiwa na maghala ya popo, huku makampuni ya watu binafsi yakifukuzana na mizani zao hadi vijijini ndani kabisa. Kosta alikuwa karani wa ushirika. Walipompunguza kazini alikaa nyumbani wiki nzima akinyoa ndevu kila asubuhi kama anayekwenda ofisini, kisha akatoka na kuwa wakala wa kampuni mojawapo. Msimu mmoja tu ukampa kile ambacho ukarani haukumpa katika umri wake wote. Bariadi nzima ilikuwa hivyo: aliyeshindwa jana leo anaezeka mabati, na aliyekuwa na heshima zake jana leo anauza meza aliyokuwa akiandikia.

Akaanza kuzungumzia gari. Na katika majira hayohayo akaanza kukonda.

Vidonda vya tumbo, alisema. Alikwenda Mwanza peke yake, akarudi na dawa kwenye mfuko wa karatasi na doti ya kanga kwa ajili yangu. Kanga nzuri sana, ya rangi ya zambarau. Niliijaribu mbele yake naye akasema imenikaa. Hakusema jingine kuhusu Mwanza.

Kabla ya Malampaka alionyeshwa pikapu palepale mjini. Gari imara, la mizigo, ambalo spea zake zilikuwa hata kwenye maduka ya sabuni. Kaka yake Machibya alikuja kutoka kijijini kwao, Ngulyati, kwa baiskeli ili alione tu. Alilizunguka, akalipapasa ubavu kama anavyopapaswa fahali mnadani.

"Hili lichukue, mdogo wangu," alisema. "Gari kama hili ni ng'ombe wa maziwa. Hata mwenyewe asipokuwepo, lina mteja."

Kosta alimtazama kaka yake kwa muda, kisha akamshukuru. Pikapu hakuinunua. Sikumwelewa. Machibya naye hakumwelewa, akarudi Ngulyati akisema wakala wa pamba ameanza kulewa hela.

Ndipo tukasikia habari za kipanya cha Mzee Limbu, mfanyabiashara wa mchele wa Malampaka. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, gari la familia likabaki halina familia. Tulidandia lori la marobota ya pamba, mimi na Kosta na Salu, tukafika tumekuwa weupe kwa vumbi.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, pua fupi, rangi ya maziwa yaliyochacha. Vioo vyake vilikuwa na vipazia vya kitambaa, na kwenye kioo kimoja mtoto fulani wa huko ng'ambo alikuwa amebandika picha ya sungura yenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Salu alilikagua kama daktari asiyependa mgonjwa wake. Alivuta kijiti cha oili, akainusa. Akaweka kiganja kwenye moshi wa ekzosi. Akakanyaga klachi, akasikiliza. Akatoka uvunguni na kutu nyekundu kwenye nywele.

"Mzee Limbu, nakusalimu tena, mwangaluka, usinichukie," alisema. "Kosta, mimi nakwambia kwa mdomo wangu. Injini ni nzima. Bodi inaliwa na kutu. Lakini tatizo siyo hilo. Aina hii wameshaacha kuitengeneza, huko kwao kwenyewe. Ikifa gia boksi utaitafuta Mwanza, utaitafuta Dar, mwisho utaitafuta mbinguni. Na siku ukitaka kuiuza, hutapata mtu. Atakuja, ataangalia, ataondoka."

Mzee Limbu aliinamisha kichwa.

"Itatembea muda gani kabla ya kufa kitu kikubwa?" Kosta aliuliza.

"Ukiitunza? Miaka miwili. Mitatu, Mungu akipenda."

"Inatosha," alisema Kosta.

Halafu akafanya jambo jingine. Alinifungulia mlango wa dereva. "Panda."

"Mimi?"

"Panda, mama Lucy. Nyoosha mguu. Unafika kwenye breki?"

Nilifika. Alichuchumaa pale chini akautazama mguu wangu juu ya pedali, akaniambia nikanyage mpaka mwisho, niachie, nikanyage tena. Kisha akauliza kama naona barabara yote mbele au usukani unanizuia. Watu wa stesheni walikuwa wamesogea. Mwanamke mmoja muuza karanga alipiga kelele za kunishangilia, nikaona aibu, nikashuka.

Walikubaliana bei chini ya kivuli cha bohari, na jioni hiyohiyo tulirudi Bariadi ndani ya kipanya chetu, Kosta akiendesha polepole, Salu akisinzia nyuma. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha. Nilivuta kipazia, nikakirudisha, nikakivuta tena.

Alinifundisha kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kule ambako miti ya pamba ilikuwa imeng'olewa na kuchomwa na ardhi kubaki na madoa meusi ya majivu. Aliketi kushoto kwangu na mto wa kitandani tumboni, kwa sababu kila gari liliporuka yeye aliumia. Wachunga ng'ombe walisimama kututazama. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Siku moja gari lilinizimikia mara nyingi mpaka nikaupiga usukani kwa ngumi.

"Kwa nini tusitafute dereva kama watu wengine?" nikafoka. "Wewe unajua kuendesha. Mimi wa nini?"

Aliyatazama majivu.

"Elina," alisema. Aliniita jina langu mara chache sana tangu tumzae Lucy. "Siyo vidonda vya tumbo. Ni ini. Kuna uvimbe. Mwanza waliniambia siku ile, wakaniambia na ukubwa wake."

Niliuliza maswali ambayo kila mtu huuliza. Dawa? Upasuaji? Dar es Salaam? Kwa kila moja alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuyapitia yote peke yake na sasa ananisindikiza nisipotee njia. Kisha akasema, "Washa gari."

"Siwezi."

"Washa. Klachi kwanza."

Nikawasha. Nililia na kuendesha, naye akanielekeza: kata kulia, punguza, gia ya pili. Siku ile gari halikuzima hata mara moja.

Mara ya kwanza kumpeleka hospitali Mwanza aliketi. Mara ya pili alilala. Tulikunja siti, Lucy akamshikia kichwa, na vidole vyake vya miguu vikagusa mlango wa nyuma. Nilivitazama kwenye kioo kidogo cha ndani, nikakumbuka jua la Malampaka, na mzaha wa Mzee Limbu, na kicheko changu cha adabu. Nikakijua alichokuwa akikipima.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Nilimrudisha kwao, nikiendesha mwenyewe. Wanaume walitaka kutafuta dereva, wakasema si desturi, mjane hawezi. Mama mkwe wangu, Nyanjige, ndiye aliyepanda kwanza, akaketi kando ya mwanawe aliyevikwa shuka, akasema twendeni. Basi tukaenda Ngulyati.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa. Machibya alizungumza kwa upole, sitamsingizia ukali. Alisema mali ya mwanamume ni ya ukoo wake, na mjane naye ni wa ukoo, kwa hiyo nisihofu. Nyumba yake ni pana. Nilielewa nyumba gani, na mlango upi. Nikasema nitabaki Bariadi na wanangu. Baadhi ya wazee waliguna. Nyanjige alikuwa ameketi kwenye ngozi, miguu ameinyoosha, anachora kitu mchangani kwa kijiti, hakuinua uso.

"Anayekataa nyumba haondoki na vyombo," alisema Machibya.

Wakachukua maksai na plau. Wakachukua kiwanja cha mjini na tofali zilizokuwa juu yake. Mizani ya Kosta ilibebwa na mtu ambaye sikumjua hata jina. Lilipobaki gari, Machibya alimwita Salu kutoka mjini aje alitathmini, kwa sababu naye hakuwa mjinga. Hakutaka kuchukua asichokijua.

Salu alifungua boneti. Alivuta kijiti cha oili, akainusa. Akaingia uvunguni, akatoka. Aliyasema yaleyale aliyoyasema Malampaka, kwa sauti ileile, bila kuongeza chumvi: injini nzima, bodi inaliwa, aina imeachwa kutengenezwa, spea hakuna, mteja hakuna. "Ukiichukua," alimalizia, "umechukua mzigo."

Machibya alilipiga teke tairi. Alilizunguka, lakini safari hii hakulipapasa. Alitazama vipazia na sungura wa kwenye kioo, akatema mate pembeni.

"Mwachieni mwenyewe hicho kipanya chake," alisema.

Nilimpeleka Salu mjini. Tulikuwa tumefika kwenye gereji yake, anashuka, nilipomshika mkono wa shati.

"Fundi. Marehemu alijua kwamba itakuwa hivi?"

Alifikiri, akijifuta vidole kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko vidole. "Mimi sijui moyo wa mtu, mama Lucy. Ninachojua, kila ubaya wa gari hili niliomtajia aliuitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia mali yake inasifiwa."

Basi ndivyo nilivyobaki: na watoto watatu, chumba cha kupanga, na gari lisilotakiwa na mtu. Nilibeba abiria wa treni kwenda na kurudi Malampaka. Nilibeba wagonjwa, maharusi, magunia ya mchele, na mara nyingine mtu aliyelala kama alivyolala Kosta. Wapo walioniona kwenye usukani wakasubiri gari jingine. Wengine walipanda huku wakishika siti kwa mikono miwili. Jioni nilikuwa nakaa mle ndani peke yangu kidogo, mlango umefungwa, kabla ya kuingia kwa watoto, kwa kuwa chumbani hapakuwa na mahali pa kulilia.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, Nyanjige alitokea uani. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Ngulyati, kanga zimelowa hadi magotini, kichwani ana furushi. Nilimpigia magoti kumwamkia. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone." Hakutua furushi. "Nipeleke kwetu Kalemela."

"Kwema huko, mayu? Kuna msiba?"

"Hakuna. Ng'ombe wa mwanangu wanapita mlangoni kwangu kila asubuhi wakienda kulima shamba la Machibya. Nimechoka kuwatazama."

Niliwaacha watoto kwa jirani, nikampandisha. Alikataa siti ya mbele. Aliketi katikati, peke yake, furushi mapajani, hadi tukavuka daraja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Pamba changa ilikuwa imesimama ndani ya maji pande zote mbili, na barabara mbele yetu ilikuwa uji mweusi uliochimbwa na malori.

Ndipo nikamsikia. Mwanzoni nilidhani ni injini. Kumbe alikuwa analia, mama yule ambaye msibani hakutoa chozi mbele ya watu, ambaye kwenye kikao alichora mchangani. Alilia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga, ng'wanone, ng'wanone, mwanangu, mwanangu, akiupiga ubao wa gari taratibu kwa kiganja.

Nilitaka kusimama. Nilitaka kuzunguka, nifungue ule mlango, nimshike. Lakini tulikuwa katikati ya tope, na kwenye tope anayesimama anazama. Nikashika usukani kwa mikono yote miwili, nikakanyaga mafuta kidogo, nikaendelea.