Gari la Odilo Linakosa Pumzi

Mwanangu Brayson aliponiambia kwenye simu kwamba baba yake ameanza kuchanganyikiwa na apokonywe ufunguo wa gari, nilimjibu vibaya. Nilimwambia tatizo ni gari. Pikapu yetu kuukuu ilikuwa inakata nguvu kila ikikuta mlima, ndiyo maana mume wangu Odilo alikuwa anasimama njiani na viazi vya watu na kurudi nyumbani Njombe jua limeshazama, amejiinamia, hasemi kitu. Mtu akisimama kwa sababu gari limekataa kupanda, ana wazimu gani hapo?

"Basi lipelekeni kwa fundi," Brayson akasema. "Fundi akikuta gari zima, mama, mimi nakuja kuuchukua huo ufunguo."

Roho iliniuma. Odilo bila gari ni nani? Shamba alishaniachia mimi, na kanisani husinzia tangu somo la kwanza. Akishika usukani ndipo anakuwa yeye, anapiga honi kwa kila anayemjua na asiyemjua. Kwa hiyo nilipiga magoti nikamwomba Mungu gari la mume wangu likutwe bovu. Sidhani kama pale misheni sala ya namna hiyo wameshawahi kuisikia.

Tukashuka Makambako kwa fundi Sadock, mwenye gereji nyuma ya gesti, karibu na yanapolala malori ya Zambia. Alikuwa ametuagiza tuje na mzigo, maana gari tupu huficha ugonjwa wake.

"Kamwene, mzee. Kamwene, mama," alitusalimu, akaingia garini na viazi vyetu nyuma, akaenda kulijaribu. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa. "Tambarare linakwenda safi. Likikuta mlima halivuti kabisa, na moshi mweusi tii."

Akaliinua na kuzungusha magurudumu aone kama breki zimeng'ang'ania. Hazijang'ang'ania. Akaangalia kama klachi inateleza. Haitelezi. Akabadilisha chujio la dizeli, akaenda tena mlimani, akarudi na moshi uleule. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu, kila akigusa kitu nahema.

"Moshi mweusi maana yake dizeli inafika, hewa ndiyo haitoshi," alisema. "Kuna kitu kimeziba. Likiwa tambarare hewa hiyo kidogo inalitosha, mlimani linakosa pumzi."

"Kwa hiyo gari ndilo bovu?"

"Ndilo, mama. Mzee hana kosa."

Nilitamani kumkumbatia na mafuta yake machafu. Nilimpigia Brayson palepale na kumporomoshea maneno: umesikia, wewe msomi? Baba yako ni mzima kuliko wewe! Nilikuwa bado nafoka wakati Sadock alipoingiza mkono kwenye mrija wa kuvutia hewa na kutoa kipande cha gunia.

Akaingiza tena, akatoa soksi. Kisha sweta la mjukuu. Mwisho akavuta kitu kirefu, kimejaa vumbi, na nikakitambua kabla hakijaisha kutoka. Kilikuwa kitenge changu cha WAWATA, umoja wetu wa akina mama kanisani, ambacho nilikitafuta hadi nikageuza nyumba juu chini.

Kwetu Njombe, mwezi wa sita na wa saba, umande huganda kwenye majani. Tangu ujana wake Odilo hulifunika gari gunia juu ya injini jioni ili lisigome asubuhi, na hulitoa kabla hajanywa chai. Sasa alikuwa anasahau kwamba ameshafunika. Tena alikuwa amesahau hata pa kufunika, akawa anasokomeza nguo kwenye tundu la hewa kama mtu anayeziba dirisha lililovunjika.

"Nani kafanya uhuni huu?" Odilo aliuliza kwa hasira. Akaiinua ile soksi na kuipima kwa macho. "Na huyu si mtoto. Huyu ni mtu mzima kabisa, hana akili."

Sadock aliinama akajifanya anatafuta spana. Kwenye simu Brayson alikuwa anaita, "Mama? Haloo? Kuna nini hapo?" Nikakata.

Fundi alirudishia kila kitu, akasema twende tulijaribu barabara ya Njombe, mzee mwenyewe aendeshe. Tulikaa watatu mbele, mimi katikati. Lilivuta, nakwambia! Lilipanda na viazi vyake bila moshi, na Odilo akaanza kupiga mluzi, anabadili gia taratibu bila kulikwaruza. Nikaanza kujidanganya tena. Nikajiambia ni kusahau tu, nani hasahau, nitakuwa ninakagua mrija mwenyewe kila asubuhi na Brayson hatajua.

Tulipofika juu alipunguza mwendo, akawasha taa ya pembeni, akaegesha vizuri kabisa. Akanigeukia kwa ile adabu anayowapa abiria anaowapakia njiani.

"Mama, wewe unashukia wapi?"

Nilicheka. Odilo ana utani, na mimi nina mdomo. "Nashukia kitandani kwako, mzee."

Yeye hakucheka. Alisogea kuelekea mlangoni, mbali na bega langu, akatazama barabara.

"Tuheshimiane, mama," alisema. "Mimi nina mke nyumbani."

Sadock aligeuzia uso dirishani. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nayameza, kwa sababu sikutaka mume wangu adhani amemtukana mama wa watu.

"Samahani, baba," nikamwambia. "Mkeo anaitwa nani?"

"Paskalina." Alilitaja jina langu hapohapo, bila kutafuta, na uso ukamlegea. "Na nikichelewa, huwa halali."

Nikautoa ufunguo taratibu kwenye swichi nikampa Sadock. Nikamwomba aendeshe yeye, atuwahishe nyumbani.