Aliyefiwa Bila Kujua

Mzee Chenge alifariki asubuhi, nyumbani kwake Igogo, wakati mkewe anamkorogea uji. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwandani Nyakato na moyo ulimsumbua kwa muda, lakini hakuna aliyetarajia aondoke namna ile, uji ukiwa bado jikoni.

Kabla ya adhuhuri uani palikuwa pamejaa watu. Kila aliyefika alimpa pole Rebeka, binti mkubwa wa marehemu, kisha akauliza: "Machibya ameambiwa?"

Rebeka alijibu "bado" tu, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa refu. Mdogo wake Machibya, mtoto pekee wa kiume wa mzee, alikuwa mpishi kwenye nyambizi ya jeshi la majini la Marekani. Alikwenda nchi ile kwa bahati nasibu ya viza, akajiunga na jeshi, akapata uraia, na mwishowe akachaguliwa kwenda chini ya maji. Kama alivyowaeleza nyumbani, chombo chenyewe hakipumziki sana, wanaopumzika ni watu. Kina vikosi viwili vya mabaharia. Kimoja kikiwa baharini kwa miezi mitatu hivi, kingine kipo nchi kavu kwenye likizo na mafunzo. Kikirudi wanakabidhiana, na mpishi mwingine anaingia kwenye jiko la Machibya na kulala kwenye kitanda chake. Wakiwa chini wanaweza kupokea ujumbe, lakini hawapigi simu wala hawajibu, maana chombo kikitoa sauti kitajulikana kilipo.

Rebeka, ambaye alikuwa mwalimu wa sekondari, alipiga namba waliyoachiwa kwa ajili ya familia za mabaharia. Mwanamke aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole.

"Tumepokea taarifa," alisema. "Atajulishwa akirudi."

"Anarudi lini?"

"Hilo siruhusiwi kulisema."

"Basi naomba aambiwe sasa hivi. Ni baba yake mzazi."

"Kabla ya kuondoka, kila mmoja wao huulizwa kama anataka kupewa habari za msiba akiwa chini. Ndugu yako alisema asiambiwe."

Rebeka alimshukuru, akakata simu. Alikaa chumbani peke yake mpaka shangazi mmoja alipokuja kugonga mlango.

Jioni ndugu walikaa kupanga mazishi. Shimba, mdogo wake marehemu, alikuwa amefika kutoka Kisesa, ambako ndiko kwenye shamba na makaburi ya ukoo.

"Kaka yangu hazikwi mwanawe hayupo," alisema. "Mochwari ipo. Tutasubiri."

"Tutasubiri mpaka lini, baba mdogo?" Rebeka aliuliza. "Wenyewe hawasemi anarudi lini."

"Ni kazi gani hiyo ambayo mtu hafiwi?"

Ndipo Evelina, mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiitikia pole tu, alipozungumza.

"Mume wangu hatakaa kwenye barafu kumsubiri mtu asiyejua kwamba anasubiriwa. Mzikeni keshokutwa. Udongo wa kwanza atatupa Rebeka."

Shimba alitoa simu, akawaagiza vijana wa Kisesa wachimbe kaburi.

Wakamzika Kisesa. Rebeka akatupa udongo, na watu wakasema amejikaza kama mwanaume. Kumbe hakuwa amejikaza. Kila machozi yalipotaka kutoka alimwona Machibya akiulizwa lile swali na kutikisa kichwa, na hasira ikayakausha. Aliwahudumia waombolezaji, akaanua matanga, akarudi shuleni kufundisha. Bado alikuwa hajamlilia baba yake.

Machibya alipiga simu msimu wa kiangazi ulipokuwa unakaribia kwisha.

"Tulipofunga gati nilimwona mchungaji wa jeshi amesimama pembeni," alisema. "Nikajua ni mmoja wenu. Sikujua ni yupi. Nilitembea hatua zile zote nikiwa nimefiwa na ninyi nyote watatu."

Wiki hiyohiyo akatua Mwanza. Alikuwa amepungua, na ngozi yake imepauka kwa kukosa jua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Rebeka akageuka kutafuta teksi ya kwenda Igogo.

Alipomwona mama yake alianguka magotini akalia kwa sauti, na majirani wakaja. Walikuja kwa wema, lakini machozi yao yalikwisha siku nyingi. Walimpa pole, wakamwacha alie, na baada ya muda wakaanza kuzungumzia bei ya sangara na mgawo wa maji. Mmoja alicheka jambo fulani, akajiziba mdomo. Rebeka aliyaona yote hayo. Mdogo wake alikuwa na msiba mbichi katikati ya watu waliokwisha anua matanga.

Jua lilipopoa Rebeka alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mawe, amelitazama ziwa upande wa gati la mizigo. Akakaa karibu naye.

"Ni kweli ulisema usiambiwe?"

"Ni kweli."

"Kwa nini, Machibya?"

"Kwa sababu hairudi, dada. Ile nyambizi haigeuki kwa msiba wa mpishi. Ningeambiwa, kisha ningebaki nao mle ndani, mahali pasipo dirisha, na watu zaidi ya mia wanasubiri chakula. Nilimwona mwenzetu aliyeambiwa. Alikaa wiki nyingi bila kuzungumza, na sisi wote tukaogopa kumtazama."

"Na sisi je? Mimi nilibaki nao hapa. Baba mdogo ananiuliza, mama kanyamaza, mimi ndiye nashika simu."

"Najua."

"Hujui!" Sauti yake ilipanda mpaka mama yao akachungulia dirishani. "Hujui, ndiyo maana nimekukasirikia. Ulichagua usijue."

Machibya aliinamisha kichwa, akaongea polepole.

"Wiki ile aliyofariki ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya nahodha wetu. Nilimpikia keki. Nikaimba, nikacheza, watu wakanishangilia. Baba yuko chini ya udongo mimi nacheza. Na wiki zote zilizofuata nilikuwa nikifikiria nitakayomsimulia baba nikirudi. Nilidhani nimejikinga, dada. Sasa naona kama niliibiwa, na mwizi ni mimi mwenyewe."

Rebeka alitaka kumjibu. Badala yake machozi yakamjia, yale ya mochwari, ya kaburini na ya usiku wote ule, yakaja kwa pamoja. Machibya akamshika bega. Wakalia wawili pale juu ya mawe, yeye kwa kuchelewa kuambiwa, dada yake kwa kuchelewa kulia.

Siku iliyofuata walikwenda Kisesa. Shimba aliwapokea bila maneno mengi, akawapeleka kaburini, akajitenga. Waliporudi alimkalisha Machibya kwenye kigoda na kumsimulia mazishi tangu mwanzo: nani alikuja, nani aliomba, mvua ilivyotishia na kupita. Hakumlaumu. Mchana ulipita hivyo, na Machibya alikuwa akiuliza kila kitu, hata rangi ya shati alilovikwa mzee.

Siku ya mwisho ya likizo alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, safari ijayo wataniuliza tena. Niseme nini?"

Evelina alikuwa anamenya viazi vitamu. "Unaniuliza mimi? Huenda mimi ndiye nitakayekuwa nimekufa. Nitakuwa na shida gani?"

Machibya akacheka bila kupenda.

"Mwanangu," mama akasema, "hilo ni lako. Lakini leo nipo. Kama kuna neno unataka kuniambia, vuta kigoda."

Akavuta kigoda. Rebeka aliwaacha, akatoka nje.

Miezi ilipita. Zamu ya kikosi cha Machibya ilipofika, alipiga simu kuaga.

"Nimeshawajibu," alisema. "Nimesema niambiwe."

Rebeka alidhani angefurahi. Alimwambia, "Vizuri, mdogo wangu, Mungu akutangulie," na baada ya kukata simu akaketi. Sasa jambo lolote likitokea, yeye ndiye atakayepiga namba ile, akijua kwamba maneno yake yatashuka mpaka kule chini na kumkuta Machibya jikoni. Hakujua kama ataweza. Kwa mara ya kwanza alimwelewa mdogo wake, na alitamani kidogo kwamba jibu lingekuwa lile la zamani.