Yule Anayefanana na Glory

Mama alinikagua usoni kama anayechagua kabichi sokoni, kisha akasukuma bakuli la uji.

"Umefanana naye kweli," akasema. "Lakini wewe siyo Glory."

Ndiyo wimbo wake tangu apate kiharusi. Mjomba Fransisko anamjua, majirani wote wa huku mlimani anawajua, anajua hata mbuzi wa nani kala figili zake. Mimi tu, mwanawe wa pekee, niliyefunga genge langu la mboga Morogoro mjini nije kumwogesha, ndiye tapeli! Nilimwonyesha kovu la jembe mguuni, la kidonda alichonifunga mwenyewe kwa kanga. Akalipapasa.

"Hata kovu wamelipata," akamwambia mjomba, aliyekuwa amepita kumjulia hali. "Watu wana kazi!"

Daktari alinieleza kwamba macho yake ni mazima, na sura yangu anaikumbuka. Kilichokatika ubongoni ni njia ya kutoka kwenye sura kwenda kwenye mapenzi. Ananiona, hasikii chochote moyoni, basi ubongo unajitungia sababu: huyu ni wa bandia. Sauti ina njia yake nyingine, alisema, lakini akiniona tu, macho yanashinda. Nikamwomba dawa ya kuiunga hiyo njia. Hakuna. Muhimu asikose vidonge vya presha, maana kiharusi cha pili kitaondoka naye.

Na vidonge vyenyewe havipokei mkononi mwangu. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Jana, nilipochoka kubembeleza, nilitoka uani nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Glory mwanangu!"

"Mama, huyo dada nimemtuma mimi. Kula anachokupa, na vidonge umeze."

"Kumbe! Mbona hakusema?"

Nikarudi ndani. Akanywa uji wote, akameza vidonge, akaniambia, "Asante, dada." Nilitoka haraka, nikakaa nyuma ya nyumba juu ya tenga la karoti, nikalia kama nimefiwa.

Simu ikaita. Alikuwa yeye, ananong'ona.

"Glory, huyu mwanamke wako namsikia analia huko nje. Mruhusu aende kwao. Naye ana mama yake, anamsubiri."

"Sawa, mama."

"Na wewe unakuja lini?"