Hodi ya Tatu Juu ya Dodoma

Jana usiku nililala mapema, na usingizi haukunizungusha. Niliota niko kazini, kwenye mnara wa kuongozea ndege Dodoma, na rada imeamua kuzungumza.

"Kaka Chilewa, kuna taa tatu juu ya mji," inasema. "Si ndege. Ndege nazijua, zina haraka."

Nachungulia dirishani. Kweli, taa tatu za rangi ya zabibu mbivu zimesimama juu ya makao makuu ya nchi kwa adabu kabisa. Moyo unanidunda kwa furaha. Miaka yote nimepokea maofisa wanaokuja vikaoni. Leo nimepata wageni wa maana.

Kabla sijashika simu, mnara umekuwa shamba la mizabibu, na mbele yangu imeketi Tume ya Uchunguzi. Mwenyekiti wake, Dakta Ndahani, ana muhuri mkubwa kama sufuria ya pilau.

"Shahidi hasemi mpaka aulizwe," ananiambia. "Na sheria yetu ni moja. Tume ikishasema kitu ni nini, kinakuwa hicho."

Nilidhani anajisifu. Anaitazama taa ya kwanza, anasema, "Tiara ya watoto," anagonga muhuri. Taa inajikunja, inaota mkia na kunasa kwenye nyaya za umeme. Anaigeukia ya pili. "Hewa ya moto." Taa inayeyuka, sote tunalowa jasho, na mjumbe mmoja anaomba feni.

Roho iliniuma. Ilikuwa imebaki moja, nami nilitaka kuijua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Hodi," inasema taa iliyobaki. Sauti yake ni ya mtu mzima, mstaarabu, aliyechoka kusimama.

Wajumbe wanachuma zabibu.

"Hodi," inasema tena.

Nanyoosha kidole. "Shikamoo, Dakta. Kuna mtu anabisha."

"Marahaba. Hujaulizwa."

"Naelewa, mheshimiwa. Lakini akipiga ya tatu asijibiwe, ataondoka. Ndivyo alivyofunzwa kila mgeni."

"Basi atakuwa ametupunguzia kazi," anasema bila hasira. Ananyanyua muhuri. "Andikeni: kunguru."

Taa inaanza kuota mdomo upande mmoja. "Hodi," inasema kwa shida, na hiyo ndiyo ya tatu.

Uvumilivu ukanishinda. Liwalo na liwe, nikasimama juu ya kiti. "Karibu. Karibu sana, pita ndani, jisikie uko nyumbani."

Muhuri unaganda hewani. Mdomo wa kunguru unadondoka chini, na taa inang'aa mpaka majani ya mizabibu yanaonekana mishipa. Nilicheka kwa raha kama mwendawazimu.

Dakta Ndahani anakunja miwani yake, ananitazama kwa huruma. "Hukumkaribisha serikalini, Chilewa. Umemkaribisha kwako. Utamlisha wewe."

"Nitamlisha," nasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshachomoza, na mimi peke yangu chumbani nikitabasamu ovyo. Nikajicheka, nikajifunga kikoi na kwenda kufungua mlango wa mbele nichote maji bombani.

Kizingitini palikuwa pamevuliwa ndala tatu, zote za mguu wa kushoto, zimepangwa vizuri. Niliinama nikazigusa. Zilikuwa bado na joto.