Sumaku Mbili Tumboni

Bwenini kwetu kuna sheria moja isiyovunjwa: ushahidi ukimezwa, kesi imekufa. Kwa hiyo metroni alipotufanyia msako jioni ile, nilimeza moja ya sumaku zetu nne, ndogo kama punje ya hindi, niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Sumaku zilipigwa marufuku tangu vijiko vya walimu vilipoanza kutembea vyenyewe mezani. Asubuhi metroni akarudi. Nikameza ya pili. Mbili zilizobaki zilikuwa kwa Lamwaka, mshirika wangu katika sanaa hiyo ya kutembeza vijiko.

Baada ya chai tuliingia maabara. Mwalimu Wangila, Mkenya anayefundisha baiolojia kana kwamba anasoma wasifu wa marehemu, alikuwa ametandaza mezani utumbo mdogo wa mbuzi kutoka soko la Nateete. Alitueleza jinsi chakula kinavyotoka tumboni kikiwa uji mchachu, kikaingia duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, kikakutana na nyongo na maji ya kongosho yanayokivunjavunja. Kisha jejunamu, kisha ileamu, ambako ukuta wa ndani una vidole vidogo mno, vimesongamana kama manyoya ya zulia, vikinyonya lishe na kuipeleka kwenye damu.

"Utumbo haulali," alisema, akinigeukia mimi. "Unabana, unaachia, unasukuma mbele. Wa kwako, Taban, una mita kama sita. Ndiyo maana umekunjwa, mkunjo juu ya mkunjo."

Lamwaka aliinua mkono. Aliuliza ingekuwaje mtu akimeza sumaku mbili, moja leo, nyingine kesho, akatoa zake mfukoni. Mwalimu alisahau hata kumkaripia. Aliisukuma moja ndani ya mkunjo wa karibu, nyingine ndani ya mkunjo wa mbali, akaisogeza mikunjo hiyo ikabiliane, akaachia.

Tak. Mikunjo miwili ilirukiana ikashikana.

"Hapo katikati damu haipiti," alisema polepole. "Nyama inakufa. Inatoboka. Vilivyomo vinamwagikia ndani."

Niliuliza mtu huyo angehisi nini.

"Mwanzoni? Kichomi kidogo tu, karibu na kitovu."

Changu kilianza wakati wa chai.

Nilisimama nikasema yote. Darasa zima likaangua kicheko. Ochan, mchekeshaji wa darasa, akataka kujua kama jeneza langu lipambwe kwa vijiko au kwa uma. Mwalimu Wangila alifunga macho kama mtu aliyechoka na dunia; muhula uliopita ni mimi niliyepiga kengele ya moto katikati ya mtihani wake.

"Taban, mwanangu, ile kengele ilinitosha."

Lamwaka aliapa kwamba nasema kweli, lakini hata siku ile ya kengele ni yeye aliyeapa kwamba kuna moto. Kicheko kiliongezeka. Kichomi nacho.

Ndipo nilipoiona dira kwenye rafu ya fizikia. Niliiweka mezani, mbali na mbuzi na sumaku zake. Sindano ilitulia ikielekea dirishani, kaskazini, kama inavyopaswa. Nikafungua vifungo vya shati, nikakisogeza kitovu polepole mpaka kikakaribia kioo chake.

Sindano ilitetemeka. Ikaiacha kaskazini, ikageuka, ikaninyooshea kidole.

Ochan ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisogezea kiti.

"Usile kitu," Mwalimu Wangila alisema. "Usinywe hata maji. Twende hospitali."

Alipapasa mfuko mmoja, kisha wa pili, akitafuta funguo za gari. Zilikuwa mkononi mwake.